Yule Mtoto Mchawi wa Kwenye Video

Nilikuwa na miaka tisa nilipofundishwa kumuua mtu kwa kumtazama. Aliyenifundisha alikuwa mwongozaji wa filamu kutoka Dar es Salaam, kijana mrefu aliyevaa kofia kisogoni. Tulikuwa katika nyumba ya zamani ya udongo nje kidogo ya mji wa Tabora, mojawapo ya zile zenye kuta nene na paa bapa zilizobaki tangu enzi za misafara ya pwani.

"Usipepese," aliniambia. "Mkazie macho baba yako wa kambo, hapa katikati ya paji la uso. Halafu inamisha kichwa, taratibu. Ataanguka mwenyewe."

Nikamkazia macho. Yule mwigizaji, mtu mzima mwenye kitambi, akashika kifua, akaanguka mkekani, akatupatupa miguu. Nyuma ya kamera hakuna aliyekohoa. Mwongozaji akapiga kelele, "Kati!" kusimamisha kamera, kisha akacheka na kusema, "Huyu mtoto ananitisha hata mimi."

Nilifurahi sana. Kwa umri ule, sikuwahi kusifiwa na mtu mzima namna ile.

Walinipata kanisani. Sisi ni Wamoraviani, na Pasaka ya mwaka ule watoto wa shule ya Jumapili tuliigiza habari za kaburi tupu. Mimi nilikuwa mmoja wa wanawake waliokwenda kaburini alfajiri, na nililia machozi ya kweli mpaka kanga niliyojitanda ikalowa. Sikuwa na huzuni yoyote. Nilikuwa nikikaza koo na kuacha macho yatazame mbali, machozi yanakuja. Mwongozaji alikuwa amekuja Tabora kusalimia ndugu zake, akaketi benchi la nyuma. Ibada ilipokwisha akamwulizia baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa reli na alipenda filamu kuliko mpira. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi, jirani na soko. Mama ndiye aliyekataa.

"Mwanangu haendi kuchezea mambo ya uchawi," alisema.

"Mama nanii, ni mchezo. Mchezo ni mchezo," baba akajibu.

"Ni mchezo kwako na kwangu. Na hao wengine watakaoutazama?"

Siku hizo nyumbani kwetu neno la baba ndilo lililokuwa la mwisho. Nikaenda. Mwanamke aliyeigiza kama bibi yangu, yule aliyenirithisha uchawi kwenye hadithi, alikuwa mpole kupita kiasi. Kila tulipopumzika alinifuta unga waliotupaka usoni, akanipa biskuti, akaniuliza habari za shule.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Kasha la sidii lilikuwa na uso wangu, mweupe kwa unga, macho yametoka. Baba alinipeleka kuitazama kwenye banda la video mtaani kwetu. Watu walibanana kwenye mabenchi, na kila nilipomtazama mtu akaanguka, walipiga mayowe ya raha. Ilipokwisha, mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia. Dada mmoja aliyekuwa ameketi mbele yetu akageuka, akaniona. Akapiga yowe, na hilo halikuwa la raha. Kisha akajicheka, na banda zima likacheka pamoja naye.

Miezi ya kwanza ilikuwa tamu. Waendesha bodaboda walinipigia honi. Mzee wa duka la vitambaa alinikatia kipande cha halua, akanitania, "Ukinitazama, nitazame kwa jicho zuri, biashara isife." Nilitembea nikijiona mtu.

Halafu mambo yakaanza kugeuka, polepole. Msichana niliyekaa naye dawati moja alihamishwa. Mama yake alikuja shuleni mwenyewe kuzungumza na mwalimu. Mwalimu wetu wa hesabu alipougua tumbo, niliwasikia watoto wakiulizana kama alikuwa amenichapa wiki ile. Alikuwa amenichapa. Nikigeuza uso darasani, mikono inainuka kuficha nyuso. Nikajifunza kutazama viatu vya watu. Mpaka leo naweza kukumbuka viatu vya watu wengi wa mtaa ule ambao sura zao zimenitoka.

Mama aliona. Likizo ya mwezi wa nne ilipofika alinipeleka kwa mama yake, huko Usoke, wilaya ya Urambo, akidhani kijijini kwa wakulima wa tumbaku hakuna video. Hakujua kwamba mtu mmoja alikuwa amenunua jenereta, na kila siku ya gulio alikuwa akionyesha filamu ndani ya ghala.

Bibi yangu alikuwa mjane na mkulima. Msimu ule majani yake yalikuwa ndani ya bani, kile kibanda kirefu cha udongo ambamo tumbaku hukaushwa kwa moto wa magogo. Moto huo haupaswi kupanda sana wala kushuka. Ukishuka, majani yanaharibika. Bibi aliuangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa. Kulikuwa pia na mtoto wa jirani, wa kike, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunganisha maneno. Alikuja uani kwetu kila siku. Alinipenda kwa sababu nilimtengenezea mwanasesere wa gunzi la mahindi, na mimi nilimpenda kwa sababu alinitazama usoni bila woga.

Jioni moja alikuwa na mwili wa moto. Nilimwambia mama yake, akamchukua. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, tukasikia mwano. Mwano ni ule ukelele wa hatari wa Wanyamwezi. Ukipigwa, kila mwenye nguvu huacha jembe na kukimbilia unakotoka. Bibi alisimama na gogo mkononi, akasikiliza. Sauti hazikuwa zikienda mbali. Zilikuwa zikija.

Walipoingia uani walinyamaza, na hicho kimya ndicho kilichonitisha. Mbele walikuwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na pinde zao mabegani. Nyuma yao wanawake. Katikati, mama wa yule mtoto, amempakata. Macho ya mtoto yalikuwa yamepinduka, weupe mtupu, na mikono ikirukaruka.

"Mayu," kiongozi wa sungusungu alimwambia bibi, akimwita mama kwa heshima, "hatukuja kwa ugomvi. Tunataka mjukuu wako amfungue huyu mtoto."

"Amfungue nini?"

"Alichomfunga."

"Mtoto ana degedege," bibi alisema. "Mnasimama naye hapa mnafanya nini? Mpelekeni zahanati."

"Degedege la kutumwa!" kijana mmoja akadakia. "Mimi nimemwona huyu kwa macho yangu. Alimtazama mtu, mtu akaanguka akafa."

"Ulimwona wapi?"

"Kwenye video."

Nilingoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka.

Nilitaka yaishe. Nilidhani nikienda nikamgusa mtoto kichwani, wataridhika na kuondoka. Nikapiga hatua. Bibi akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kwamba anayo, akaninong'oneza kwa Kinyamwezi nisithubutu. "Ukimgusa akapona, wewe ni mchawi," aliniambia. "Ukimgusa akafa, wewe ni mchawi. Kaa nyuma yangu."

Kisha akawageukia, akapaza sauti.

"Nisikilizeni. Mtoto apandishwe pikipiki sasa hivi, aende zahanati. Mimi na mjukuu wangu tunakaa chini hapa, mbele yenu. Hatuingii ndani, hatutoki. Akirudi maiti, mtafanya mtakalofanya. Lakini akifia hapa huku mnabishana na bibi kizee, damu yake ni yenu, haina video wala nini."

Kiongozi alitazama wenzake. Baba wa mtoto alikuwa ameduwaa, anatafuna midomo. Mama wa mtoto hakumngoja. Aligeuka, akapita katikati ya wanaume kwa bega, akamwambia kijana mwenye pikipiki, "Washa!" Yule kijana akawasha. Wakaondoka kwa kasi, vumbi likatanda juu ya uzio, na sisi tukakaa chini kama bibi alivyoahidi.

Jua lilikuwa utosini. Watu walituzunguka, wengine wamechuchumaa, wengine wameegemea pinde. Moto wa bani ukaanza kufifia. Bibi aliomba ruhusa akaongeze gogo. Wakakataa. Hakuomba tena, lakini nilimwona akinusa. Harufu ya tumbaku inayokauka vizuri ni kama ya asali. Taratibu ilianza kuwa harufu ya majani mabichi yaliyolala kwenye maji.

Ndipo mwanamke mmoja mzee akasema, "Mchawi hana machozi. Huyu mtoto alie, tuone."

Wazo hilo likawapendeza. "Alie! Alie tuone!"

Bibi aliniminya kiganja. "Lia, mjukuu wangu."

Mimi, niliyechaguliwa miongoni mwa watoto wa kanisa zima kwa sababu ya machozi, nilikaza koo. Niliacha macho yatazame mbali. Nilifikiria kaburi, nikafikiria mama yangu amekufa, nikamfikiria yule mtoto juu ya pikipiki. Hakikutoka kitu. Macho yalikuwa makavu mpaka yakawa yananiuma, na kadiri nilivyojaribu ndivyo watu walivyosogeleana na kunong'ona.

Nikainua uso. Sikukusudia lolote, shingo ilikuwa imechoka. Lakini mstari mzima wa mbele ukarudi nyuma. Mwanamume mwenye ndevu za mvi, mwenye upinde, akajificha nyuma ya mwenzake. Nikaelewa kwamba wananiogopa kweli, watu wazima wale. Nikaelewa pia kwamba najua la kufanya. Ningemkazia macho kiongozi wao katikati ya paji la uso, nisipepese, kisha niinamishe kichwa taratibu kama nilivyofundishwa. Huenda wangekimbia wote. Huenda mmoja wao angeachia mshale. Nilihisi kichwa changu kikitaka kuanza, kwa sababu nilikuwa nimekifanyia mazoezi mara nyingi mno. Kiongozi naye alikuwa akinitazama, na vidole vyake vilikuwa kwenye uzi wa upinde.

Nikashusha macho kwenye mchanga. Palikuwa na sisimizi wanaburuta punje ya mtama. Nikawatazama hao.

Sijui tulikaa muda gani. Kivuli cha bani kilitufikia miguuni, kikapanda magotini. Hatimaye tukasikia pikipiki. Kila mtu alisimama isipokuwa sisi wawili. Yule kijana alikuwa peke yake juu ya pikipiki, na kwa kitambo hicho kifupi, kabla hajazima injini, nilimsikia bibi akiacha kupumua.

"Kazinduka," kijana alisema. "Ni malaria. Kachomwa sindano, kawekewa dripu. Sasa analia anataka uji."

Hakuna aliyeshangilia. Walianza kutoka mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani kabla ya chakula. Kiongozi wa sungusungu alibaki kidogo, akatazama chini.

"Mayu," alisema, "mjukuu wako arudi mjini. Ni kwa usalama wake."

"Na wako," bibi akajibu, akainuka kwa taabu kwenda kufungua mlango wa bani. Majani yalikuwa yameingia madoa meusi. Alivuta moja, akalinyoosha kwenye mwanga, akalirudisha. Kesho yake asubuhi akanipandisha treni ya kurudi Tabora. Machozi yalinijia humo ndani ya behewa, mbele ya abiria, na sikuweza kuyazuia mpaka tulipoingia stesheni.

Watu huniuliza kwa nini niliendelea kuigiza baada ya hapo. Mama hakutaka kabisa. Mwongozaji aliposimamisha gari mbele ya nyumba yetu akitaka sehemu ya pili ya ile filamu, mama alimfukuza na mkasi wa kukatia vitambaa mkononi. Lakini nilipomaliza darasa la saba niliomba mwenyewe kwenda Dar es Salaam kwa shangazi, na ukweli ni kwamba mbele ya kamera ndipo mahali pekee nilipokuwa na amani. Pale mtu akiniogopa, kuna anayesema "Kati!" na woga unakwisha, wote tunakwenda kula wali.

Niliigiza mtoto anayeteswa na mama wa kambo, mtoto mwenye mapepo, mtoto anayekufa hospitalini huku wazazi wanagombana. Kisha mwili ukakua. Mwongozaji mmoja alinitazama nilipoingia kwenye usaili, akamgeukia mwenzake akasema, "Huyu kakua," kama anayetoa habari ya msiba. Simu zikapungua. Sidii nazo zikaacha kununuliwa. Nilisubiri miaka miwili kwenye sebule ya shangazi, simu nimeielekeza dirishani ili mtandao ushike vizuri, mpaka siku moja shangazi akanikuta nimelala nayo kifuani, akasema, "Mwanangu, rudi nyumbani ukasome." Nikarudi. Nikasomea utangazaji, na sasa ni miaka kadhaa natangaza kipindi cha asubuhi redioni, hapa hapa Tabora. Wasikilizaji wananijua kwa sauti.

Mwaka jana lilikuja kundi la kurekodi tamthilia ya mtandaoni. Walikuwa wamesikia kwamba niliwahi kuigiza, wakaniomba niwe mama wa mhusika mkuu. Mhusika mkuu alikuwa mtoto wa miaka minane. Mtoto mchawi.

Nilikwenda kwenye usaili nikiwa nimeshaamua kukataa. Nilimkuta mtoto waliyemchagua, amevaa sare za shule, anacheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, peke yake uani kwa kurusha mpira ukutani. Mama yake aliketi kwenye benchi. Nikakaa karibu naye, nikamsimulia habari za Usoke, zote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ulienda Dar, ukaonekana, ukarudi, ukapata kazi ya redio. Mimi huyu wangu ndiyo mlango wake huu. Unataka niufunge kwa sababu wewe uliumia?"

"Sitaki uufunge. Nataka ujue kilichoko nyuma yake."

"Nimejua sasa," akasema. Akamwita mtoto aje avae viatu. Mtoto alikuwa amepata nafasi, na mama yake hakuwa tayari kuiachia.

Basi nikaenda kwa mwongozaji, msichana mdogo kuliko mimi, mwenye haraka. Nilipomweleza hofu yangu, alisema watu wa siku hizi wameelimika. Nilimwambia nitaigiza kwa sharti moja: kila sehemu ya tamthilia, ikiisha tu, yule mtoto aonekane na sare zake, anacheza rede na wenzake, anasema yeye ni mwanafunzi na yote yale ni maigizo. Alikataa. Alisema itaua hisia za watazamaji.

"Ziue," nilimwambia. "Hisia hizo mimi nimekaa nazo uani mchana kutwa, nimezungukwa na pinde."

Tulibishana siku tatu. Ilifika mahali akamtafuta mwigizaji mwingine wa nafasi yangu, na mimi nikamwambia wazi kwamba nina kipindi redioni kila asubuhi na nitalisema hewani. Hakupenda. Mpaka leo hanisalimii vizuri. Lakini alikubali, na tukarekodi. Siku ya tukio la umati wa wanakijiji wenye fimbo nilimshika yule mtoto mkono hata sehemu ambazo hadithi ilitaka nimwachie, na ikabidi turudie mara nyingi.

Tamthilia imetoka. Jumamosi iliyopita mama yake aliniomba niende nao sokoni, maana tangu ionyeshwe hajatembea na mtoto mahali penye watu wengi. Tulipita kwenye vitunguu, tukapita kwenye dagaa. Muuza nyanya mmoja, mama wa makamo, alisimamisha mizani yake hewani. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akamrudia mtoto. Nilihisi mama yake akisogea kumkinga.

"Shikamoo," mtoto akasema, akimtazama usoni.

Kwenye meza ya pili mtu alikuwa ameacha kumenya karoti. Mimi nilikuwa tayari kumbeba mtoto, nimeshaiona njia ya kutokea, kati ya magunia ya mchele na duka la chumvi.

"Marahaba," muuza nyanya akasema mwishowe. "Ni wewe unayecheza rede pale mwishoni?"

"Ndiyo."

"Unakosea. Mpira unauangalia mno, humwangalii anayekurushia." Akateremsha mizani, akamwuliza mama mtu anataka nyanya za kiasi gani. Mama mtu akaacha kumkinga mtoto, akainama kuchagua nyanya.